Wavu Nilioutoa Kikagate

Feza mwanangu,

Umeenda Juru kuaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kabla ya mvua. Nimechukua daftari lako la zamani, lile lililobaki na kurasa nyeupe nyuma, nimekaa kwenye kiti kidogo karibu na tanuri. Samaki wako juu ya moshi, kwa hiyo nitaandika na kusimama, nitaandika na kusimama. Hata bila samaki ningesimama. Tangu asubuhi siwezi kukaa fasi moja. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimekunja vikwembe vyako, nikavikunjua, nikavikunja tena.

Mambo ya chumvi, sabuni na nani wa kumsalimia kule shuleni Kakiika, Mbarara, sitayaandika. Umekaa kwangu miaka kumi na tisa. Kama hukuyashika, karatasi haitakufundisha. Na usicheke Kiswahili changu. Nilikusudia kuandika kile cha kanisani, kilichonyooka, lakini naona kile cha mdomo kinaponyoka na kuingia.

Nataka kukuambia habari ya baba yako. Siyo ile unayoijua.

Leo asubuhi mkanda wa begi lako ulikatika. Baba yako alikuomba begi, akakaa mlangoni, ule mguu wake umenyooka mbele, akashona kwa uzi wa nyavu. Alishona muda mrefu kuliko mkanda ulivyohitaji. Ulipolipokea ulisema "asante" ukiangalia begi. Hukumwangalia yeye. Akajibu "haya", akaanza kuokota vipande vya uzi chini, kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Ndipo nikaenda kutafuta kalamu.

Kwetu mjini Baraka, kabla hatujawa wakimbizi, nilikuwa mtu, Feza. Nilikuwa na meza yangu ya samaki sokoni, ndagala upande huu, mikebuka upande ule, na wanawake waliotoka milimani kununua waliuliza jina langu kabla hawajashusha mzigo. Baba yako alivua Tanganyika, ziwa ambalo yeye husema hakuna kamba iliyowahi kufika chini yake. Sikuwa tajiri, lakini nilipopita watu walinisogelea. Mtu akizoea hivyo hajui kwamba amezoea. Anajua siku anapokosa.

Tulipofika kambi hii ya Nakivale ulikuwa mgongoni. Tulipewa turubai, kiwanja, na kipande cha shamba kule kwenye mteremko. Mimi sikujua jembe. Mahindi yangu yalitoka mafupi kama majani ya mbuzi, na majirani Warundi, watu waliozaliwa wakilima, walipita wakikaza midomo ili wasicheke. Baada ya msimu mmoja baba yako alishuka ziwani kuangalia, nami nikamfuata. Nilipoliona ziwa hili mara ya kwanza nikasema hili ni bwawa. Unaona ng'ambo mpaka ng'ombe unaweza kuwatofautisha. Baba yako hakucheka. Alichota maji kwa kiganja, akaonja.

"Maji ni maji," akasema. "Yako na samaki, na mie niko na mikono."

Huko ndiko alikokutana na Melkiori. Unamkumbuka Melkiori, yule Mrundi mwembamba aliyekuwa akipiga ishara ya msalaba kabla ya kushika kasia, hata kama anavuka mita chache tu. Baba yako ni wa kanisa letu, hapigi msalaba, lakini alimsubiri kila mara mwenzake amalize. Wawili hao walichonga mbao, wakaziba kwa lami, wakatoa mtumbwi wao. Baba yako alimfundisha mafundo ya Tanganyika. Melkiori alimfundisha viboko: wanalala wapi, wanatoka lini, na kwamba jike mwenye mtoto hana salamu.

Nami nikajenga tanuri hii. Wewe ulikulia humu ndani ya moshi, kwa hiyo hujui kwamba mwalo ulikuwa unanipa maisha kuliko pumzi. Mitumbwi ikirudi asubuhi, sisi bamama tunaingia majini mpaka magotini, kila mmoja na beseni lake. Ngege wabichi wanakwenda na vijana wa pikipiki mpaka Mbarara. Kambale na kamongo ni wetu, wa moshi, wanakwenda Mbarara pia na wengine Kikagate mpakani. Nyuma yetu kuna mama wa uji, wanaume wa kushona nyavu, wauza kuni, na yule kinyozi mwenye kioo kilichopasuka. Wote wanaangalia maji. Mtumbwi ukirudi mwepesi, hata kinyozi anakaa mikono mitupu.

Nimesimama kugeuza samaki. Upepo unatoka ziwani, moshi unanifuata kila upande ninaokaa. Naendelea.

Ulipofika miaka kumi, samaki walikuwa wamepungua. Tulikuwa watu wengi sana juu ya maji madogo, na nyavu za macho madogo zilikuwa zimezoa mpaka vifaranga. Kamati ya mwalo ikaweka sheria: wavu uwe na macho makubwa ya kutosha ngege mdogo kupita, na upande wa mafunjo, kule samaki wanakozalia, asiingie mtu. Wakapigilia ubao wa kupimia nyavu pale kibandani kwa kamati. Wengi waliitikia mchana na kuvunja alfajiri. Baba yako na Melkiori waliitikia kweli. Walirudi na samaki wachache, wakubwa, wakawa wameridhika, na mimi nilichemka ndani.

Sitakudanganya kwamba mulikuwa na njaa. Ningependa iwe hivyo, ningekuwa na sababu nzuri. Bugali ilikuwako na sombe ilikuwako. Kilichoniuma ni kingine. Kulikuwa na mama mnunuzi kutoka Mbarara, mwenye koti la kijani, aliyekuwa akija moja kwa moja kwenye tanuri yangu. Siku moja alishuka, akanisalimia vizuri, akauliza habari ya watoto, akatazama mtandazo wangu uliokuwa na samaki sita, akapita. Akaenda kwa jirani ambaye mume wake alikuwa anavua mafunjo. Hakusema neno baya. Alipita tu. Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka alipomaliza kununua, na moyoni nilikuwa nimerudi siku ya kwanza ya turubai.

Sasa Feza, kaa vizuri hapa.

Unapenda kuhadithia wadogo zako safari yetu ya Kikagate. Unasema ndiyo siku nzuri kuliko zote za utoto wako: mimi na wewe peke yetu, tukala samosa, tukaona mto wa mpakani na malori ya Tanzania, nikakununulia sandali nyekundu. Unasema ulirudi umekalia gunia laini kama mfalme. Kila ukisimulia hivyo, natoka nje.

Gunia lile lilikuwa na wavu. Macho yake yalikuwa madogo, kidole changu cha mwisho hakikupita. Nilikuwa nimesikia kwamba Kikagate kuna mtu anauza, nikawaambia watu wa mwalo naenda kumwona mgonjwa. Nilikuchukua wewe kwa sababu mama mwenye mtoto haulizwi mzigo wake. Sandali nilizinunua mwisho, ili uwe na kitu cha kusimulia, usisimulie gunia. Nilikukalisha juu ya lile jambo mwenyewe, kwa mikono yangu.

Baba yako alilifungua gunia. Aliunyoosha wavu kwenye magoti yake.

"Mama Feza, hii wavu inakula bajukuu."

Nikamwambia wengine wote wanavua mule. Akasema wengine si yeye. Akaukunja, akauweka juu ya dari, akaenda kuoga.

Juma zima nilimpikia bila kuongea. Unanijua nikinyamaza; naweka sahani chini kama mtu anayetupa maji. Yeye alikula, akasema asante kila mara, akatoka na Melkiori, akarudi na samaki wanne, watano. Siku ya saba jioni nilisimama pale mlangoni nikamwambia neno ambalo nilikaa miaka bila kumwambia mtu yeyote kwamba nililisema.

"Kule Baraka niliolewa na muvuvi. Huku sijue niko naishi na nani."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha usoni mwangu. Kulipoanza kupambazuka nilisikia anapapasa dari. Nilijua anachotafuta. Nilikuwa macho, Feza. Ningeweza kusema "acha". Nilijifunika.

Alikwenda peke yake. Hakumwamsha Melkiori, kwa sababu hakutaka kumtia mwenzake ndani ya jambo hili. Alipiga kasia mpaka mafunjoni, akaanza kutandaza wavu asiouzoea kwenye maji asiyoyazoea, na jike la kiboko lilikuwa humo na mtoto wake. Lilipasua mtumbwi katikati. Lilimshika mguu juu kidogo ya goti. Melkiori alikuwa amefika ufukweni, akakuta mtumbwi haupo, akawa bado anashangaa aliposikia kelele. Aliazima mtumbwi wa mtu bila kuomba, akaenda. Alimkuta baba yako ameng'ang'ania ubao, wavu umemzunguka mwili mzima, maji mekundu. Jike lile lilikuwa bado linapumua karibu. Melkiori aliingia majini akakata wavu kwa kisu. Sikuwako, lakini nimeliona hilo mara nyingi kuliko waliokuwako.

Hayo ya hospitali kubwa ya Mbarara unayajua, ulikuja na mchungaji siku mbili kumwona. Waliuokoa mguu, ila goti halikukunjika tena. Jambo usilolijua lilitokea huku nilipokuja kuchukua nguo zake.

Mwenyekiti wa mwalo aliniita kibandani. Ni Mnyankole, mtu mzima, si mkali. Walikuwamo wanakamati na wavuvi wengi, na Melkiori alikuwa amesimama kando ya ubao wa kupimia. Juu ya meza kulikuwa na wavu, umelowa, umechanika, una majani ya mafunjo ndani.

"Nyabo, mama, pole sana kwa mzee," mwenyekiti akasema. "Sasa, wewe unajua hii nyavu? Ilitoka wapi?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Hakuna kitu mzee alikuambia?"

"Hakusema kitu."

Ni hayo tu. Neno lilitoka kabla sijalifikiria, jepesi kabisa, kama mtu anayefukuza inzi. Nikabeba nguo nikarudi Mbarara. Njiani nilijiambia kwamba nitarekebisha kesho. Kando ya kitanda chake nilimweleza baba yako nilichojibu. Nilitegemea atakasirika; nilitaka akasirike. Aligeuza uso ukutani.

"Basi sasa ni vile," akasema.

Siku aliyorudi hakuingia hata nyumbani kwanza. Alishuka garini, akashika magongo, akaenda mpaka kibandani, akawaambia: ule wavu ni wangu, niliununua mimi, mke wangu hakujua kitu. Wakamwondoa ziwani moja kwa moja. Melkiori naye alipoteza, kwa sababu mtumbwi ulikuwa wao wote wawili na ulikuwa umebaki vipande. Akakaa miezi michache akibeba mizigo ya watu mwaloni, kisha akachukua familia yake, akaenda Masha kufanya kazi katika mashamba ya ndizi.

Nimesimama tena. Mvua bado, lakini mawingu yamefika juu ya kilima. Nimeenda mpaka njiani kuangalia kama unakuja. Sijui kama nilitaka uje au usije.

Wewe ulikuwa mtoto wa baba yako, Feza. Ni yeye aliyekufundisha kuogelea, akikushika tumboni kwa kiganja kimoja. Ulikuwa unamkimbilia mitumbwi ikirudi, unamkuta maji bado yanamtiririka, nguo zako zinalowa, nami nagomba. Halafu shuleni wakaanza kukuita mtoto wa mla vifaranga. Ulirudi unalia, ukaniuliza mimi, siyo yeye, kama ni kweli baba aliiba samaki wa watu wote na kumpotezea Melkiori mtumbwi. Nilikupangusa uso, nikasema, "Baba yako alikosea, mwanangu, tumuombee." Nilitumia maombi. Mungu ananiona ninapoandika hili.

Ulipofika kumi na tatu ulimwambia mbele yangu. Mulikuwa munakula. Alikuomba maji, ukampa, ukasema kwa sauti ya mtu mzima, "Baba, ungetufikiria sisi kwanza kabla ya kwenda mule."

Aliweka kikombe chini. "Ndiyo, mwanangu. Nilikosa."

Mimi nilikuwa nasonga bugali ya wageni. Mwiko haukusimama. Tangu siku ile hujamwita baba bila kuwa na kazi ya kumwomba au kumpa, na miaka inapita, na mimi nakupikia, nakusuka nywele, unaniambia siri zako zote. Nilikuwa nakula heshima yake na yangu pamoja, nikashiba.

Ungeuliza, mbona sasa? Ni mwaka jana, siku ya vijana kanisani. Walikusimamisha utoe ushuhuda kabla ya mtihani. Ukasema unamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yako, mtu ambaye hajawahi kukudanganya hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Nikageuka, nikaona baba yako naye anapiga makofi, kwa nguvu, anatabasamu, anafurahi kabisa juu yangu. Sikulala siku zile. Juma lililofuata niliwaambia nakwenda kutafuta wateja, nikaenda Masha.

Nilimkuta Melkiori anakata majani makavu ya migomba. Amenenepa kidogo. Ana mbuzi wake sasa na kipande chake cha kukodi. Mke wake alinipa maziwa. Nilipobaki naye nilisema yote kwa mara moja, bila kumeza mate: Kikagate, gunia, neno nililomwambia mume wangu, na kibandani. Alinisikiliza akiwa ameshika panga kwa ncha.

"Mama Feza, nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilikata ule wavu kwa mikono yangu. Mafundo ya kamba ya pembeni yalikuwa ya mutu mwingine. Baba Feza hawezi kupeleka wavu majini bila kuushona upya, hata akiwa na homa. Yeye hakuuchagua ule wavu. Aliletewa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema haikuwa siri yake, na mwenye siri alikuwa amekwisha kuamua. Halafu akauliza, "Na mutoto anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi, mama, umepiga hodi kwenye mulango usio wenyewe."

Nilirudi nikamwambia baba yako nilikotoka, na kwamba nataka kukuambia. Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza katika miaka yote hii. Alikataa kabisa. Alisema wewe unajiandaa na mtihani, kisha akasema unasubiri majibu ya shule, kisha akasema unasafiri, nisikubebeshe. Jana nilipomwomba tena alikuwa anapaka mafuta kwenye goti. Alisema taratibu, bila kuinua macho:

"Mutoto akimukasirikia baba, ataishi. Akimukasirikia mama, atarudi nyumbani kwa nani?"

Nimelifikiri neno hilo usiku na mchana, na naliona ni neno la mtu anayekupenda, lakini si la kweli. Unaye wa kurudi kwake. Umekuwa naye siku zote, ila mimi nimesimama katikati, namficha usimwone.

Hata hii shule unayoiendea inatoka kwake. Unafikiri ulichagua ufundi wa mafriji kwa sababu ya barafu inayofika hapa imekuwa maji, na samaki wanaooza siku pikipiki zisipokuja. Kweli. Lakini aliyekwenda kwa mwalimu wako kuuliza kama msichana mkimbizi anaweza kupokelewa ni yeye. Alitembea na mguu ule mpaka Base Camp na kurudi, mara tatu, na akamwomba mwalimu akuambie kwamba ni wazo la shule. Alijua ukisikia ni lake utalikataa.

Jumatatu, wewe ukiwa tayari Mbarara, nitakwenda kibandani kusema mbele ya wote. Mwenyekiti ni yuleyule, amezeeka. Sijui atafanya nini. Wanaweza kunitoa mwaloni, na tanuri hii ikawa ya mtu mwingine, na yule mama wa koti la kijani, ambaye siku hizi anasimama kwangu, akapita tena. Usiku mwingine naogopa hilo. Saa nyingine naona nitalima tu. Jembe sasa tunafahamiana kidogo. Nilitaka wewe ujue kabla yao. Usije ukasikia Kakiika kwa mtu wa sokoni.

Kule unakokwenda utakosa, Feza. Utaharibu mashine ya mtu, utasema neno, utaona aibu. Sina shauri kubwa la kukupa juu ya hilo, mtu kama mimi atashauri nini. Najua tu kwamba uongo wangu ulikuwa mdogo sana siku ya kwanza. Ningeweza kuurudisha kabla sijafika barabarani. Ulikua kwa sababu niliulisha, na nilikuwa naulisha kwa vitu vizuri: upendo wako, maombi, chakula cha jioni. Ndiyo maana haukunuka.

Unaweza kunikasirikia. Sitakuandikia kukuomba uache. Ukikaa Mbarara miezi bila kunipigia simu nitajua kwa nini, na sitamtuma mtu akuulize. Kuhusu ile safari ya Kikagate, samosa zilikuwa za kweli. Ulivyocheka ukiyahesabu malori, nami nilicheka kweli. Sijui unaweza kufanya nini na siku yenye vitu viwili hivyo ndani yake. Mimi bado sijui.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuiweka barua hii chini ya begi, katikati ya vikwembe, uikute kesho ukiwa mbali. Ndivyo wazazi wanavyofanya. Lakini sasa hivi nimesimama, nimekuona unateremka kwa mbali na viatu mkononi, matone ya kwanza yanaanguka, na nimeelewa kwamba kuiweka begini ni kujifunika tena. Ukiisomea Kakiika, yeye atakuwa huku na wewe kule, na mtaendelea kusalimiana kwa simu kama watu wa ofisi.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, sasa. Soma hapahapa, chini ya hili bati, mimi nitakaa na samaki. Baba yako yuko nyuma ya nyumba, anafunika kuni zisilowe. Hajui kitu. Atanikasirikia, na ni haki yake.

Ukimaliza, usije kwangu. Nenda kwake kwanza.

Mama